UZI: Potasiamu 6.8 kwenye faili, daktari kaweka mishale tu. Hapo mnaweka msimbo gani?

MtuWaFaili_MLD
Asalaam aleikum wanajamvi, na wale wengine habari zenu. Niko upande wa rekodi kwenye hospitali moja hapa Malindi, jina mniwie radhi. Nina faili limenishinda kufunga na mwisho wa mwezi ndo huu, ripoti ya waliolazwa inangojwa.

Kisa chenyewe (nimegeuza vitu vidogo vidogo asijulikane mtu): mama wa makamo, ana sukari, ana presha, figo nazo zimeshaanza kumsumbua. Kaletwa usiku, miguu haina nguvu, anasema moyo unamruka ruka. Labu ikatoa potasiamu 6.8, wakarudia ikaja 6.6. Kreatinini, kile kipimo cha figo, imepanda kuliko ile ya kliniki iliyopita. Isiji, ile karatasi ya mapigo ya moyo, ipo, imebanwa kwa stepla nyuma ya chati ya dawa, mtu kaizungushia duara kwa biki nyekundu akaandika "T ndefu". Chati ya dawa nayo: kalsiamu glukoneti ya mshipa, insulini pamoja na glukosi, salbutamol ya kuvuta. Losartan ya presha imekatwa mstari, spironolactone ya kukojoza imekatwa mstari. Mama akapata nafuu akaenda zake nyumbani alhamdulillahi.

Sasa fungua karatasi ya kuruhusiwa. Mahali pa diagnosi pameandikwa DM (sukari), HTN (presha), K+ (potasiamu) halafu mishale miwili inaangalia juu. Basi. Hakuna neno jengine.

Mwenzangu wa ofisini anasema weka E87.5, msimbo wa potasiamu kuzidi, umalize, kila mtu anaona potasiamu ilikuwa juu, kwani wewe kipofu? Bosi anasema weka sukari na presha tupeleke klemu ya bima. Shida ni kwamba faili la namna hii tuliwahi kuliweka hivo hivo sukari na presha, bima ikalirudisha ikasema matibabu hayafanani na ugonjwa. Na kweli hayafanani, sukari gani hiyo inatibiwa kwa kalsiamu?

Nyinyi mnafanyaje?

Kalamu_Kavu
Waaleikum salaam kaka. Mie nakaa Barani, kazi yangu ya mtandaoni, nasoma mafaili ya hospitali za Marekani usiku wakati nyinyi mmelala, kwa hiyo haya ni maisha yangu ya kila siku.

Mwenzako amepata namba lkn njia kaikosea. E87.5 ndo msimbo wa potasiamu kuzidi, kwa ICD-10 ya WHO, ile orodha ya misimbo ya magonjwa, na kwa ile yao Wamarekani, hapo hakuna ubishi. Ya kupungua ni E87.6, usizichanganye maanake nimeona watu wanachanganya, zimekaa pamoja. Lkn mtu wa rekodi hana ruhusa ya kuchukua namba ya labu akaigeuza ugonjwa. Hata iwe 9. Mwongozo wa Marekani uko wazi kabisa, majibu ya vipimo yasiyo ya kawaida hayawekewi msimbo mpaka mwenye kutibu aseme yana maana gani kwa mgonjwa huyo. Na mishale nayo hawaikubali kama diagnosi. Mshale unaelekea juu unaweza kuwa "imepanda kidogo kuliko jana" na bado iko ndani ya kawaida, ama ni "hii itamuua". Wewe uliyekaa ofisini utajuaje ni upi?

Hapo dawa ni moja, mrudie daktari na swali la maandishi.

Dokta_Zamu_ya_Usiku
Sasa nyinyi watu wa rekodi mnatuonea. Mimi klinika ofisa, kuna usiku niko peke yangu, wodi mbili, kuna mtoto anadegedege huku, kule mama anatokwa na damu, halafu huyo wa potasiamu anataka kalsiamu sasa hivi si kesho. Unafikiri nitakaa niandike insha? Namba ipo, isiji ipo, dawa zipo. Mtu yeyote aliyesoma ataona. Mshale tunauelewa wote.

Bi_Sindano
Dokta kwa heshima zote, usiku ule hakuna anayekuuliza insha. Unaulizwa siku ya kumruhusu, asubuhi, umekunywa chai yako, kalamu iko mkononi. Maneno matatu.

Kalamu_Kavu
Bi Sindano kamaliza. Na dokta mshale hatuuelewi wote. Mwenye bima anayesoma klemu hajamwona mgonjwa, hajui kama ulimtibu potasiamu ama ulikuwa unajaribu dawa. Yeye ana mistari miwili tu mbele yake, ugonjwa na matibabu.

Labu_Mokowe
Kabla hamjaenda mbali, mimi wa maabara nina swali. Ile 6.8 ya kwanza ilitoka na maoni yoyote? Sampuli ilikuwa sawa?

Nauliza kwa sababu huku kwetu upande wa Lamu damu nyingine inachukuliwa kisiwani, inangoja boti, inavuka, inafika na jua lake. Chembe nyekundu ndani yake zimejaa potasiamu, zikipasuka zote zinamwaga nje, mashine inasoma 6.5 na mgonjwa yuko nje anakula mahamri. Na msidhani friji ndo dawa. Damu ambayo haijatenganishwa ukiitia kwenye baridi ile pampu ya chembe inazubaa na potasiamu inavuja nje kidogo kidogo, na ukitazama kwa macho majimaji hayana wekundu wowote, safi kabisa. Tenganisha kwanza ndo uweke friji.

Halafu kuna ile ya mkono. Kamba imefungwa muda mrefu, mgonjwa anaambiwa kunja ngumi fungua kunja fungua, basi potasiamu inapanda hapo hapo kabla sindano haijaingia.

Na mbaya kuliko zote nimeiona kwa macho yangu. Mtu kachukua damu akaitia yote kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, kisha akakumbuka vipimo vya figo vinataka ya nyekundu, akafungua vifuniko akamimina nusu huku. Ile chupa ya zambarau ina dawa ya kuzuia damu isigande na dawa yenyewe ni chumvi ya potasiamu! Majibu yakatoka potasiamu 11 na kalsiamu karibu hakuna. Mtu mwenye namba hizo hakai kwenye benchi kupiga soga. Ukiona potasiamu imeruka mawinguni na kalsiamu imezama wakati mmoja, usimkimbilie mgonjwa na insulini, ikimbilie chupa.

MtuWaFaili_MLD
@Labu_Mokowe nimeangalia. Ya kwanza haina maoni yoyote. Ya pili imeandikwa "sampuli mpya, haijahemolaizi", yaani chembe hazikupasuka. Kwa hiyo ni ya kweli?

Labu_Mokowe
Ya kweli. Aliyeandika hayo maneno kwenye ya pili mpeni soda.

Kijana_wa_Langoni
Samahani mimi si wa hospitali, nimeingia humu natafuta mambo ya potasiamu sababu ya babangu, anasafishwa damu. Swali, hiyo ya damu kupasuka ikitokea na daktari akaiandika faili la mtu kwamba potasiamu iko juu, baadaye ikaonekana si kweli, inafutwa?

Kalamu_Kavu
Swali zuri ndugu. Majibu ya labu hayafutwi, yanabaki. Daktari anatakiwa aongeze mstari: ya kwanza ilikuwa ya sampuli iliyoharibika, imerudiwa ni kawaida. Ukishaandikwa huo mstari E87.5 haiwekwi. Watu wanaiacha na huko mbele mgonjwa anabeba ugonjwa asiokuwa nao, akija kliniki nyingine wanamnyima dawa ya presha iliyokuwa inamsaidia ati aliwahi kupandisha potasiamu.

Mpiga_Kasia
nimesoma kichwa cha uzi nikadhani ni hesabu za mpira. Malindi 6 Lamu 8 😂

Dokta_Zamu_ya_Usiku
Sawa tuseme nimekubali. Niandike nini? Nipeni sentensi, msinipe mhadhara.

Kalamu_Kavu
Dokta tunataka ugonjwa kwa jina (haipakalemia ndo potasiamu kuzidi), ukali wake, sababu yake, na ulifanya nini. Mfano: "Haipakalemia kali, 6.8, imethibitishwa kwa sampuli ya pili 6.6, isiji ina mabadiliko, imetokana na losartan na spironolactone kwa mgonjwa mwenye ugonjwa sugu wa figo hatua ya 4." Kisha matibabu na namba ya mwisho alipotoka. Hiyo inaandikwa wakati maji ya chai hayajachemka.

Kuhusu ukali, msibabaike. Kawaida ni kama 3.5 mpaka 5.0 ama 5.3 kutegemea labu. Mwongozo wa figo wa Uingereza unahesabu 5.5 hadi 5.9 ni nyepesi, 6.0 hadi 6.4 ya kati, 6.5 kwenda juu kali. Msimbo ni ule ule E87.5 kwa zote tatu, lkn neno "kali" ndo linaloeleza kwa nini mtu alilazwa na kuwekwa kwenye mashine ya moyo badala ya kupewa ushauri wa chakula akaambiwa aende.

Na "sababu" ndo mnayoisahau kila siku. Potasiamu haipandi kwa raha zake.

Bi_Sindano
Naongezea upande wa manesi. Kalsiamu haishushi potasiamu hata chembe, inaukinga moyo tu kwa nusu saa mpaka saa moja hivi. Insulini na glukosi ndo inaisukuma ndani ya seli, inaanza kufanya kazi baada ya kama robo saa, inadumu masaa manne mpaka sita, kisha potasiamu inarudi ilikotoka kama haijatolewa mwilini. Sasa kwenye chati utakuta insulini imepewa saa nane usiku, sukari ya kidole imepimwa mara moja, halafu kimya mpaka asubuhi. Sukari inaweza kuporomoka masaa sita baadaye na wa figo ndo wanaporomoka zaidi maanake insulini inakaa mwilini mwao. Ikiwa mlipima, andikeni na saa. Isipoandikwa anayelikagua faili atasema hamkupima, na atakuwa na haki yake.

MtuWaFaili_MLD
Narudi. Nimemwandikia daktari swali asubuhi, sikumtajia msimbo wala jina la ugonjwa, nimemuuliza tu "K+ 6.8 na 6.6, isiji, kalsiamu, insulini, tafadhali eleza ni hali gani iliyotibiwa na sababu yake kama inajulikana".

Kalamu_Kavu
Safi sana. Hivo ndo inavotakiwa. Ukimwandikia "je ni haipakalemia? weka sahihi hapa" umemlisha jibu, na siku ya ukaguzi faili zima linaonekana limetengenezwa.

MtuWaFaili_MLD
Kajibu, na kaongeza kitu ambacho hakikuwa kwenye faili kabisa. Nanukuu alivoandika: haipakalemia kali, jeraha la ghafla la figo juu ya ugonjwa sugu wa figo hatua ya 4, sababu losartan na spironolactone, na mgonjwa alikuwa anajinunulia diclofenac dukani kwa ajili ya magoti. Tarehe ya leo na sahihi yake, kama nyongeza, hakugusa ya zamani.

Diclofenac! Haikuwa mahali popote. Kumbe bintiye ndo aliitaja siku ya kuondoka.

Dokta_Zamu_ya_Usiku
Hizo diclofenac za dukani zinatumaliza pwani nzima. Magoti, mgongo, jino, kila kitu. Inabana damu ya kuingia kwenye figo, losartan inalegeza upande wa kutokea, spironolactone inazuia potasiamu isitoke. Zote tatu kwa mtu mmoja mwenye figo hatua ya 4 mwenyezi mungu tu ndo alimuokoa. Na septrin msiisahau, nayo inazuia potasiamu isitoke kwenye mkojo, mtu anaanzishwa septrin huku yuko kwenye enalapril ya presha na hakuna anayepima.

Kalamu_Kavu
Sasa hapa ndo utamu wa kazi, subirini.

Kwa ICD-10 ya WHO: ugonjwa mkuu E87.5 kwa sababu ndo uliomleta na ndo uliomlaza, daktari ameshausema. Kisha N17.9 jeraha la ghafla la figo, N18.4 figo sugu hatua ya 4. Sukari aina ya 2 yenye madhara ya figo ni E11.2 lkn daktari aseme kwamba figo zimeharibiwa na sukari, usimsemee. Halafu misimbo ya dawa: losartan inaingia Y52.5 pamoja na dawa nyingine za presha, ingekuwa enalapril ni Y52.4, spironolactone Y54.1, diclofenac Y45.3. Hizo za Y zinafuata nyuma, hazitangulii, zinaeleza nini kilisababisha.

Angekuwa mgonjwa wa Marekani mambo yanageuka kidogo. Kule dawa aliyoandikiwa na daktari akainywa sawasawa ikamdhuru inaitwa athari ya dawa, unatanguliza E87.5 kisha msimbo wa T unaotaja dawa. Lkn mgonjwa akichanganya dawa ya daktari na dawa aliyojinunulia bila kuandikiwa, na madhara yakatokana na kuchanganyika huko, mwongozo wao unaihesabu sumu, na msimbo wa sumu ndo unakaa mbele. Mstari mmoja wa diclofenac unageuza mpangilio wa faili zima! Kwa hiyo yule binti aliyesema mlangoni wakati wanaondoka kafanya kazi kuliko sisi wote.

Na hatua ya figo usiikokotoe mwenyewe kutoka kwenye kreatinini. Najua unaweza, mimi pia naweza, hesabu si ngumu. Haturuhusiwi.

Mwanafunzi_Rekodi
Wakuu mimi nasomea rekodi za afya. Huko Marekani E87.5 inaongeza malipo? Maanake nasikia kila msimbo kule ni hela.

Kalamu_Kavu
Hapana, watu wanashangaa. Potasiamu juu ikiwa ya ziada peke yake haipandishi daraja la malipo ya kulazwa, wakati sodiamu ya chini E87.1 inapandisha. Mimi kwa akili yangu naona ni kichekesho maanake potasiamu inasimamisha moyo kwa dakika. Lkn N17.9 inapandisha, na figo hatua ya 4 na ya 5 pia. Ndo maana wakaguzi wao wanaibana sana hiyo ya jeraha la ghafla la figo, wanataka kuona kreatinini ilikuwa ngapi kabla na ngapi baadaye.

Huku kwetu hela iko kwingine. Klemu inasimama ama inaanguka kwa matibabu kufanana na ugonjwa. Isiji, kalsiamu, kulazwa siku kadhaa, kupima potasiamu kila masaa machache, vyote hivo vinaonekana vya ajabu chini ya "sukari na presha". Chini ya "haipakalemia kali" hakuna wa kuuliza.

Kijana_wa_Langoni
Mzee wangu analazwa sana na potasiamu akikosa kusafishwa. Juzi bahari ilichafuka boti zikasita, akakosa zamu yake. Karatasi yake imeandikwa "mgonjwa mkaidi". Iliniuma wallahi. Mkaidi vipi na upepo ule?

Bi_Sindano
Pole sana mwanangu, na mpe pole mzee. Hilo neno halifai kwenye karatasi ya hospitali. Inatosha kuandika "alikosa kikao cha kusafishwa damu, usafiri wa baharini ulisimama".

Tena kuna faida yake hata kwa wa rekodi. Anayekosa kwa sababu ya upepo anahitaji mpango wa kuvuka mapema kabla bahari haijachafuka, anayekosa sababu hana nauli anahitaji kitu kingine, na aliyekataa mwenyewe anahitaji mazungumzo. Ukiandika mkaidi wote watatu umewatia kapu moja.

Kalamu_Kavu
Na misimbo ya mzee huyo ingekuwa E87.5 mbele kama potasiamu ndo iliyomlaza, N18.5 figo hatua ya 5, Z99.2 ya mtu anayetegemea mashine ya kusafisha damu. Kuna Z91.1 ya kutofuata matibabu, lkn mie nisingeiweka bila daktari kusema mwenyewe kwamba hakufuata. Boti kusita si kutofuata.

Kijana_wa_Langoni
Ahsanteni. Na lingine samahani najua si mahali pake. Madafu anakunywa. Anaambiwa na majirani yanasafisha figo. Ni kweli ama?

Bi_Sindano
Yakhe mwachishe leo! Kikombe kimoja cha mililita 240 kina karibu miligramu 600 za potasiamu. Kwa mtu mwenye figo nzima hakuna neno, zinakojolewa. Kwa babako hazina pa kutokea mpaka siku ya mashine. Tende pia, ndizi, muhogo, viazi, mchicha, maji ya ukwaju. Siku za Ramadhani ndo tunawaona wengi, anafturu tende na dafu na muhogo wa nazi, usiku anakuja amelegea. Simnyimi kila kitu, muhogo na viazi vikatwe vidogo, vichemshwe maji mengi, maji yamwagwe, kisha ndo upike upya, inapungua. Dafu halina hila hiyo. Na zile chumvi za kwenye vichupa zinazouzwa ati za watu wa presha soma nyuma, nyingine ni potasiamu tupu, hizo kwake ni mwiko.

Na aende akaongee na mtu wa lishe wa kliniki yake, mimi humu simjui hali yake.

Dokta_Zamu_ya_Usiku
Na hilo la dafu likiandikwa kwenye faili linasaidia. Nilikuwa na mgonjwa dawa zake zote safi, kasafishwa vizuri, potasiamu inapanda tu. Tukabadilisha hiki na kile, mpaka mtu alipomuuliza anakunywa nini shambani.

Mwanafunzi_Rekodi
Samahani kuna hili la vyeti vya kifo. Tumefundishwa tusikubali "moyo kusimama" kama sababu. Mtu akifa kwa potasiamu tunaandika haipakalemia?

Kalamu_Kavu
Haipakalemia inakaa mstari wa juu wa sehemu ya kwanza, ndo iliyomuua moja kwa moja. Mstari unaofuata, ugonjwa sugu wa figo hatua ya 5. Chini yake, sukari aina ya 2, ikiwa ndo iliyoharibu figo. Ile ya chini kabisa iliyoanzisha msururu ndo inahesabiwa kuwa sababu ya msingi, kwa hiyo kwenye takwimu huyo amekufa kwa sukari yenye madhara ya figo, E11.2. Daktari akiandika haipakalemia peke yake akaacha hapo, takwimu zitasema watu wa pwani wanakufa kwa chumvi za damu, na sukari haitaonekana popote wakati ndo iliyofanya kazi yote. Moyo kusimama kila maiti moyo wake umesimama, hiyo haielezi kitu.

Mwanafunzi_Rekodi
Na ICD-11? Chuoni tunafundishwa hiyo sasa.

Kalamu_Kavu
ICD-11 ilianza kutumika rasmi Januari 2022. Haipakalemia ni 5C76, ya kupungua 5C77, figo sugu hatua ya 4 GB61.4, ya 5 GB61.5, sukari aina ya 2 ni 5A11. Raha yake ni kwamba unaweza kuziunganisha kwenye mstari mmoja, mkwaju kati ya misimbo mikuu na alama ya & kwa nyongeza, kwa hiyo dawa iliyosababisha inakaa ubavuni mwa ugonjwa badala ya kutupwa mwisho wa orodha. Mfumo wenu ukitaka hiyo, msichanganye na ya zamani kwenye faili moja. Nimeona E87.5 na GB61.4 zimepangwa pamoja kama ndugu.

Lkn hata hiyo ICD-11 na uzuri wake wote, daktari akiweka mshale inakuwa vile vile.

MtuWaFaili_MLD
Faili limefungwa jamani. E87.5, N17.9, N18.4 na za dawa tatu. Ya sukari nimemrudia daktari, kasema ndiyo figo ni za sukari, kaandika, nikaweka E11.2. Bosi kaguna lkn kaweka sahihi. Tumekubaliana pia na matroni tugonge muhuri mdogo kwenye karatasi ya kuruhusiwa wenye nafasi ya "sababu", tuone kama madaktari wataijaza.

Dokta_Zamu_ya_Usiku
Wakijaza hao wa kwenu nijulisheni na mimi nitajaza 😂

Mwanafunzi_Rekodi
La mwisho wakuu. Kichanga cha siku mbili potasiamu 7.1, nimeona wameweka E87.5. Ni sawa?

Kalamu_Kavu
Hapana, wachanga wana mlango wao. P74.3, matatizo ya potasiamu ya mtoto mchanga. E87 ni ya wakubwa na watoto waliovuka umri huo.

Labu_Mokowe
Na kabla ya P74.3 uliza damu ilitoka wapi. Ikiwa walichoma kisigino wakakamua kamua mpaka itoke, hiyo 7.1 ni ya kisigino. Ichukuliwe ya mshipa, ipimwe upesi, ndo daktari aandike.